Zizi Moja, Fahali Wawili

Oktoba 2017 Serikali ya Tanzania ilikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai waliovuka kutoka Kenya wakifuata malisho, ikawapiga mnada. Haukupita muda, pale Namanga, vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya vikateketezwa kwa moto. Sheria ilitajwa, kanuni za afya ya mifugo zikatajwa, na huenda kila kifungu kilikuwa sahihi. Lakini niambieni, ndugu zangu: ni kifungu gani kilichowakesha watu wazima wa pande mbili za mpaka wakitukanana kwenye simu kwa ajili ya vifaranga?

Fungueni kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Wachungaji wa Abramu na wachungaji wa Lutu waligombana, kwa kuwa mifugo ilikuwa mingi na malisho hayakuwatosha. Abramu ndiye aliyekuwa mkubwa. Angeweza kusema, mimi ni baba mdogo wako, nachagua kwanza. Hakusema hivyo. Alimwachia mpwa wake achague, naye akachukua kilichobaki. Wakatengana kwa amani, maana nchi ilikuwa wazi mbele yao.

Sisi hatuna pa kutengania! Mto Mara unazaliwa Kenya, kwenye milima ya Mau, unashuka hadi Tanzania na kuingia Ziwa Viktoria. Nyumbu wa Serengeti hawajui habari za pasipoti. Mmaasai wa Longido ana shangazi Kajiado, Mjaluo wa Rorya ana wajomba Migori, na Mdigo wa Horohoro akienda arusini Lunga Lunga anakwenda kwa miguu. Mungu hakutupa nchi ya kukimbiana. Alitupa zizi moja.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Leo nasimama kubishana na wahenga.

Nasema hivi kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina nchi nane. Ina bendera, ina wimbo, ina bunge na mahakama kule Arusha. Ina Umoja wa Forodha tangu 2005, Soko la Pamoja tangu 2010, na Itifaki ya Umoja wa Fedha iliyosainiwa Kampala Novemba 2013 ikiahidi sarafu moja ifikapo 2024. Mwaka 2024 umepita, na mfukoni mwangu mna shilingi ileile. Msitafute sababu kwenye makabrasha. Jumuiya hii ni nadra kwenda mbele Dar es Salaam na Nairobi zikiwa zimenuniana, na ni nadra kusimama zikiwa zimeshikana mikono. Najua ndugu zangu wa Kampala watasema nimewasahau, na wa Kigali na Bujumbura watanikumbusha mipaka yao wenyewe iliyofungwa miaka hii ya karibuni. Sijawasahau. Rwanda ilipoufunga mpaka wa Gatuna na Uganda kuanzia 2019 hadi 2022, watu waliumia, na damu inayomwagika mashariki ya Kongo ni kilio kinachohitaji mahubiri yake peke yake. Lakini nyumba inapotikisika, fundi huanza na nguzo zinazobeba paa.

Sikieni jinsi paa lilivyoanguka mara ya kwanza.

Mwaka 1960 Julius Nyerere alisema yuko tayari uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ili Kenya, Uganda na Tanganyika zipate uhuru zikiwa shirikisho moja. Watoto wetu hawafundishwi hili ipasavyo. Mtu amefungwa minyororo, mlango wa gereza unafunguliwa, anasema: ngojeni kwanza ndugu zangu watoke, tutoke pamoja. Juni 1963 Kenyatta, Obote na Nyerere walikaa Nairobi wakatangaza kwamba shirikisho litaundwa mwaka huohuo. Halikuundwa. Kila mmoja alikuwa ameshaonja, au alikuwa karibu kuonja, bendera yake na wimbo wake wa taifa, na utamu wa kiti haugawanyiki kirahisi. Mwaka 1964 yakafanyika mapatano Kampala ya kugawana viwanda, kwa sababu viwanda vingi vilikuwa vimejikusanya Kenya tangu enzi za Mwingereza. Kenya haikuyaridhia. Mwaka 1966 shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo sote tulikuwa tukiitumia, ikagawanyika kuwa shilingi tatu. Oneni basi: miaka sita baada ya Nyerere kujitolea kuchelewesha uhuru, hata sarafu tuliyoachiwa na mkoloni ilikuwa imetushinda kuitunza.

Hata hivyo walijaribu tena. Juni 1967, Kampala, wakasaini mkataba, na Desemba Jumuiya ikazaliwa, makao makuu Arusha. Reli makao yake Nairobi, Bandari Dar es Salaam, Posta na Simu Kampala. Ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ziliruka hadi London. Wazee wenzangu mnakumbuka. Lakini Februari ya mwaka huohuo Tanzania ilikuwa imetoa Azimio la Arusha na kutaifisha mabenki, huku Kenya ikichagua njia ya soko na mtaji wa mtu binafsi. Nyumba mbili, mitaala miwili. Halafu Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote. Nyerere akakataa kukaa naye meza moja, na tangu siku hiyo wakuu watatu wa Jumuiya hawakukutana tena hata mara moja. Amin ndiye aliyewasha moto, sibishi. Ila Nyerere na Kenyatta walikuwa wawili na akili zao timamu, walifahamiana tangu siku za kudai uhuru, na waliuacha moto ule ukashika makuti.

Huku kwetu Tanzania tulianza kuwaita Wakenya manyang'au. Tuliimba, tukacheka, tukafundisha watoto. Tulisema kule ni mtu kumla mtu, nao wakatujibu kwamba kwetu ni mtu kutokula kitu. Kila upande uliona umeshinda kwa maneno. Ndugu zangu, dhihaka ni dhambi inayokuja imevaa nguo za sherehe. Huitambui mpaka imeshakaa kitini.

Mapema 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama. Mali nyingi za shirika zilikuwa Nairobi, na Kenya ikaunda shirika lake. Tarehe 4 Februari Tanzania ikafunga mpaka na kuyazuia magari ya watalii na ndege ndogo zilizokuwa upande wake. Kufikia katikati ya mwaka Jumuiya ilikuwa marehemu, na umri wake karibu miaka kumi. Mpaka ule ulikaa umefungwa mpaka Novemba 1983. Miaka zaidi ya sita! Fikirini biashara za Sirari na Isebania, Holili na Taveta. Fikirini bibi harusi aliyetoka ng'ambo na mama yake akabaki ng'ambo. Geti la Bologonja, linalounganisha Serengeti na Maasai Mara, halijafunguliwa kwa watalii tangu 1977.

Na Oktoba 1978, mwaka mmoja na miezi michache tu baada ya mazishi, majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Hapakuwa na meza tena ya kukutania. Tanzania ikapigana vita ile huku mpaka wake na jirani yake mkubwa ukiwa umefungwa, ikaibeba gharama ambayo uchumi wake ulikuja kuilia miaka mingi.

Waliolipia ni akina nani? Waulizeni wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya. Mswisi mmoja, mwanadiplomasia Victor Umbricht, alihangaika miaka kadhaa kugawa mirathi, na Mei 1984 Moi, Nyerere na Obote, aliyekuwa amerudi madarakani, wakasaini Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Hesabu ya mali ikaisha. Hesabu ya watu haikuisha. Dereva wa treni, karani wa posta, fundi wa ndege, wazee wale waliandamana Dar es Salaam wakidai haki zao zaidi ya miongo miwili baada ya Jumuiya kufa, wamekaa barabarani na mvi zao, magari yamesimama. Wengine walifariki kabla ya kulipwa. Nikisikia kijana akiandika leo kwamba Jumuiya ivunjwe kila nchi ishike njia yake, natamani ningempeleka kwenye makaburi ya wazee wale akaseme maneno yake pale.

Mtaniambia, mhubiri, hayo ni ya Afrika tu, wakubwa hawapatani popote. Uongo! Mwaka uleule wa 1967, miezi miwili baada ya mkataba wetu wa Kampala, nchi tano za Asia ya Kusini Mashariki zilikutana Bangkok zikaunda jumuiya yao, ASEAN. Kubwa kuliko zote, Indonesia, ilikuwa imetoka kwenye vita vya mpakani na Malaysia mwaka mmoja tu kabla. Walimaliza ugomvi kwanza, Agosti 1966, kisha ndipo wakajenga, Agosti 1967. Mpangilio huo ndio uliotushinda sisi. ASEAN ipo mpaka leo, makao yake Jakarta, kwenye mji mkuu wa yule aliyekuwa mgomvi. Argentina na Brazil nazo zilitazamana kwa jicho la vita muda mrefu, kila moja ikihangaika na utaalamu wa nyuklia. Novemba 1985 marais Alfonsín na Sarney wakakutana Foz do Iguaçu wakaweka mambo mezani, na kutoka hapo, mwaka 1991, likazaliwa soko la Mercosur.

Mkitaka kuona upande wa pili, tazameni Maghreb. Februari 1989 nchi tano zilikutana Marrakech zikaunda umoja wao. Dini moja, lugha moja. Algeria na Morocco zikakosana, mpaka wao ukafungwa 1994, na wakuu wa umoja ule hawajakutana tangu mwaka huo. Ofisi ipo, barua zenye nembo zipo, mishahara hulipwa. Umoja haupo. Nani kati yetu anataka Arusha iwe hivyo?

Wafaransa na Wajerumani walipigana vita vitatu ndani ya miaka sabini na mitano. Januari 1963 de Gaulle na Adenauer walisaini mkataba Paris, na ndani yake hawakuandika mapenzi matamu. Waliandika ratiba: viongozi wakuu wakutane angalau mara mbili kila mwaka, mawaziri wa mambo ya nje kila baada ya miezi mitatu, wapende wasipende. Wakaanzisha ofisi ya kubadilishana vijana, na mamilioni ya vijana wamepitia humo tangu siku hiyo. Waliugeuza upatanisho kuwa kazi ya ofisini, na huo ndio ujanja wao. Upendo wa viongozi wawili ukiachwa utegemee tabasamu, utakufa siku mmoja wao akishindwa uchaguzi.

Sasa turudi nyumbani, tujitazame bila haya. Tulifufuka. Moi, Mkapa na Museveni walisaini mkataba mpya Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na utangulizi wa mkataba ule ni toba iliyoandikwa na wanasheria: unakiri kwamba ile ya kwanza ilikufa kwa kukosa utashi wa kisiasa, kwa wananchi na sekta binafsi kuachwa pembeni, na kwa faida kugawanywa visivyo. Tuliandika dhambi zetu, tukapiga muhuri. Kisha tukaanza kuzirudia moja moja.

Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza vikao vyao vya reli, visa moja ya watalii na kusafiri kwa kitambulisho. Entebbe, Mombasa, Kigali, na Tanzania haikualikwa. Novemba Rais Kikwete akasimama bungeni Dodoma akasema hatutoki kwenye Jumuiya. Jambo gani la aibu zaidi ya kulazimika kutangaza kwamba huondoki nyumbani kwako? Haikupita miaka mitatu, Uganda ikaamua mafuta yake yapite Tanga, bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, na Nairobi nayo ikaonja uchungu wa kuachwa. Mwaka huohuo wa 2016 ulikuja mkataba wa biashara na Umoja wa Ulaya: Kenya ikasaini, Tanzania ikakataa. Desemba 2023 Kenya ikasaini wa kwake peke yake. Sisemi nani alikuwa sahihi kuhusu Ulaya, na kwa maoni yangu hofu ya Tanzania juu ya viwanda vichanga ilikuwa na mashiko. Nasema mgeni alifika uani akakuta wenyeji hawasemezani, akafanya biashara na mmoja mmoja.

Mwaka 2020 tukafungiana anga na kuzuiliana malori kwa sababu ya korona, madereva wakalala chini ya magari yao Namanga. Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Januari 2024 tukagombana juu ya ndege ya mizigo ya Air Tanzania, Dar es Salaam ikatangaza kuzizuia safari za Kenya Airways, wakubwa wakapatana kabla marufuku haijaanza. Julai 2025 Tanzania ikapiga marufuku wageni kufanya biashara ndogo za aina 15, kuanzia saluni na ufundi simu hadi uwakala wa pesa kwa simu, na kelele zikaanza upya Nairobi.

Lakini Mungu hakutuacha bila ushahidi. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alikwenda Nairobi, akahutubia mabunge mawili yaliyokaa pamoja. Hakuna itifaki mpya iliyozaliwa siku zile. Watu wawili, yeye na Rais wa Kenya, walikaa, wakawaambia mawaziri wao: kaeni hapa msitoke mpaka orodha ya vikwazo ipungue. Na ikapungua! Mahindi yakavuka, mchele ukavuka, vitunguu na machungwa yakavuka, na biashara ya Tanzania kwenda Kenya ikapanda mwaka uleule. Yale yaliyoshindikana kwa miaka ya makongamano yaliwezekana kwa wiki chache za kusikilizana. Je, huo si ushahidi wa kutosha?

Kwa hiyo nasema, na nianze na nyumba yangu, Tanzania. Acheni woga unaojifanya hekima! Kila Mkenya anayekodi fremu Kariakoo si mwizi wa ardhi ya babu yako. Tunailinda biashara ya saluni kwa amri ya waziri, halafu tunashangaa kijana wetu anaposhindwa kazi Nairobi kwa kukosa Kiingereza ambacho hatukumfundisha vizuri. Mwenye nguvu hafungi mlango, hunoa panga lake la kazi. Na tuache kupiga mnada ng'ombe wa mtu tunayemjua jina la ukoo wake.

Nanyi watu wa Kenya, ndugu wa damu, sikieni bila kukasirika. Acheni kiburi cha kaka mkubwa! Mlirithi viwanda na reli kutoka kwa mkoloni kabla hamjapanda mbegu yoyote, kisha mkaviita bidii. Mnapotucheka kwamba tumelala, kumbukeni ni nani alikataa kuridhia mapatano ya 1964. Mnapenda mipaka iwe wazi bidhaa zikitoka kwenu, na mnaikumbuka sumukuvu mahindi yakitoka kwetu. Abramu alikuwa mkubwa, akamwachia mdogo achague kwanza. Anayetaka kuitwa mkubwa aonyeshe alichokiachia.

Nasema na wewe uliyeshika simu. Ugomvi wa marais huanza na kuisha kwa mkutano mmoja. Matusi uliyoandika usiku juu ya Wakenya au juu ya Watanzania yanabaki, mtoto wa jirani anayasoma, na akiwa mkubwa akapewa dawati la forodha atayakumbuka. Manyang'au wa 1975 hawakutoka ikulu, walitoka vinywani mwetu.

Nasema na wewe afisa wa mpakani, wa mamlaka ya mapato, wa uhamiaji, wa viwango. Jumuiya yote, pamoja na bunge lake na bendera yake, inapita mezani kwako. Yule mama mwenye magunia mawili ya nyanya hamjui Katibu Mkuu wa Arusha, anakujua wewe. Ukimzungusha mpaka nyanya zioze, umevunja mkataba ambao marais walisaini kwa kalamu ya dhahabu. Utaulizwa habari za nyanya zile!

Na wachungaji wenzangu, mapadre, masheikh: tumekaa kimya mno. Tunasuluhisha wanandoa wanaogombana kila Jumamosi, lakini ndugu wawili wakubwa wanapogombana tunasema hiyo ni siasa. Kanisa la Taveta na kanisa la Holili zimetenganishwa na barabara fupi. Waumini wa msikiti wa Vanga na wa Jasini wanasikia karibu adhana moja. Badilishaneni kwaya, badilishaneni vijana, lishaneni futari. Wafaransa na Wajerumani walianza na vijana kwenye mabasi.

Kwa marais wetu sitaki hotuba nyingine ya undugu, tumeshiba. Nataka ratiba. Mikutano miwili kila mwaka, tarehe iandikwe kwenye mkataba kati ya Dar es Salaam na Nairobi, ifanyike hata wakiwa wamenuniana, na zaidi sana wakiwa wamenuniana. Mmoja ufanyike Namanga, mwingine Sirari, kwenye viti vya plastiki wakikosa vingine, na wafanyabiashara wadogo wakae mbele. Kila kikwazo kilichoripotiwa kisomwe kwa sauti, na waziri anayehusika ajibu mbele yao.

Na ninyi wapiga kura, hamko watazamaji. Kila nchi inapeleka wabunge tisa Arusha kwenye Bunge la Afrika Mashariki, na wanachaguliwa na wabunge mnaowachagua ninyi. Mgombea akija na kofia na kanga, pokeeni mkitaka, kisha mwulizeni kabla hajapanda gari: mara ya mwisho ulivuka mpaka huu lini, na siku hiyo ulimwondolea nani kikwazo gani?